Ugonjwa wa Kuinama

Kuna watu wanaoamini kwamba daktari wa usingizi anafanya kazi ya yaya. Anamlaza mtu, anamfunika shuka, halafu anakaa pembeni kupiga miayo mpaka wenye kazi yao wamalize. Mpasuaji mkuu wa hospitali ile, aliyepachikwa jina la Cherehani kwa kasi yake ya kushona na kelele zake, alikuwa mmoja wao. "Ameshalala?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Akijibiwa bado, aliinua mikono yake iliyooshwa na kuvuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyecheleweshewa chai.

Daktari wa usingizi mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliitwa Bi Usingizi na hospitali nzima, hata na wafagiaji. Aliwadharau wote wenye imani hiyo, na aliwadharau kwa moyo mkunjufu. Kulala si kazi. Mtoto mchanga analala bila kusomea. Kazi ni kumlaza mtu na bado akaamka.

Ile dawa nyeupe kama maziwa ikiingia mshipani, mishipa ya mwili mzima hulegea, damu huzubaa miguuni, na presha huporomoka. Gesi ya kuvuta nayo huongeza ulegevu uleule. Halafu anakuja Cherehani na kisu chake, na mwili ambao mwenyewe hayupo, hasikii, haoti, unajua kabisa kwamba unachanwa. Vitezi viwili vinavyokaa juu ya figo humwaga homoni za mshtuko kwenye damu, zilezile zinazomwagika mtu akikurupushwa na mbwa. Moyo unatoka mbio, mishipa inakaza, presha inapaa. Mwenye mwili amelala fofofo. Katikati ya kuporomoka huko na kupaa huko amekaa mwanamke mmoja kwenye stuli, mkono kwenye kitasa cha gesi, macho kwenye skrini. Huyo ndiye wanayemwita yaya.

Alikuwa na desturi yake ya kazi, aliyoizoea mpaka mkono uliifanya peke yake. Mapigo yakipanda, anaongeza gesi. Yakishuka, anapunguza. Ilikuwa imemfaa kwa wagonjwa wengi sana, na ndiyo maana aliiamini kuliko alivyowaamini watu.

Mtu ambaye Bi Usingizi alimdharau kuliko Cherehani ni kaka yake mwenyewe. Huyu aliwahi kugombea udiwani akapata kura chache kuliko idadi ya ndugu zake, ila jina la Mheshimiwa, alilojipa wakati wa kampeni, aligoma kulirudisha. Mheshimiwa alikuwa na suti, alikuwa na kifua cha kukohoa kabla ya kusema, na alikuwa na mke aliyeitwa Mama Pacha, aliyefua suti.

Mama Pacha alikuwa na ugonjwa, au alikuwa na visa, ilitegemea unamuuliza nani. Ghafla alikuwa anashikwa na moyo kudunda, kichwa kinampasuka, jasho linamtiririka, uso unakuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Alikaa chini popote alipo na kusema anakufa. Baada ya muda kidogo hali ilipita, akabaki analegea na kuomba radhi. Kilichomponza ni wakati. Ugonjwa wake ulikuwa unamjia akiinama. Akiinama kwenye beseni la nguo, unakuja. Akiinama kudeki, unakuja. Akiinama kuwafunga watoto viatu, unakuja. Akiwa ameketi sebuleni anakunywa soda, mzima kabisa.

"Ugonjwa unaochagua kazi!" Mheshimiwa alikuwa akisema. Kwenye kila shughuli ya familia, watu wakishashiba, aliombwa aigize, na hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa anavua koti, anashika kifua, anazungusha macho, anapepesuka mpaka kwenye kochi na kulia kwa sauti nyembamba, "Jamani beseni! Nimeliona beseni, nakufa!" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mama Pacha, akitoka jikoni alikokuwa anaosha vyombo, alikuwa anatabasamu naye, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kwenye foleni na hataki kugombana. Na Bi Usingizi, daktari mzima, alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Mara moja tu alimpima wifi yake presha, shambulio likiwa limeshapita, akaikuta imetulia kama mgeni mbele ya wakwe. "Wifi, ni wasiwasi tu," alimwambia. "Punguza mawazo."

Ndipo zikaja nyakati za Mama Pacha kuumwa tumbo upande wa kulia. Mpiga picha za tumbo alimpitishia kifaa chake, akaona mawe kwenye kifuko cha nyongo, akaridhika, akapangusa mashine akaenda kula. Upasuaji ukapangwa. Usiulize kwa nini wifi mtu alikubali kumlaza wifi yake. Hospitali ilikuwa na daktari wa usingizi mmoja tu, na huyo mmoja hakuwa mtu wa kuikimbia kazi yake.

Jioni ya kuamkia upasuaji, Mheshimiwa alikohoa na kutoa tamko lake mbele ya dada yake na mkewe. "Mawe yakitoka, visingizio vyote vimetoka. Akianguka tena mbele ya beseni, anarudi kwao, na watoto wanabaki. Nimesema."

"Umesema, Mheshimiwa," alijibu Bi Usingizi kwa ile sauti aliyomtengea. Lakini hakusema zaidi. Moyoni alidhani wifi yake angepona visa vyake akitishwa kidogo.

Asubuhi Mama Pacha alilala kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kitambaa imembana masikio, macho kwenye taa kubwa ya chumba cha upasuaji. Alimshika Bi Usingizi kiganja.

"Wifi, nikianza yale mambo yangu huko ndani, usinikasirikie."

"Utakuwa umelala. Huwezi kuanza chochote."

"Sijui. Huwa sipangi." Alikibana kile kiganja. "Watoto wangu, wifi. Nikirudishwa kwetu sitawaona tena."

"Hesabu kwa sauti," alisema Bi Usingizi, akasukuma ile dawa nyeupe.

Alilala vizuri. Presha ilishuka kwa adabu, kama ilivyotegemewa. Ila mpira wa kupumulia ulipopita kooni, iliruka juu mno, juu kuliko alivyozoea kuona. Kila mtu huruka hapo, koo lina hasira zake hata kwa aliyelala. Bi Usingizi aliiangalia ile namba na kufyonya. Hata mishipa yake inadeka, alijisemea. Akafungua gesi, ile ya zamani ya chupa nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye zamu. Namba zikashuka.

"Ameshalala?" aliuliza Cherehani kutoka mlangoni.

"Angekuwa hajalala angekusikia mpaka nje ya geti."

Cherehani alichana. Alikuwa na mkono mwepesi, hilo Bi Usingizi hakumnyima. Mapigo yalipanda kidogo, akaongeza gesi kidogo, yakatulia. Nesi aliyekuwa anapokeza vyuma alianza kusimulia habari za mwenye nyumba wake, na chumba kikawa kama siku nyingine yoyote.

Kisha Cherehani akaingiza kiganja chini ya ini ili aliinue apate nafasi. Mashine ya moyo, iliyokuwa inagonga taratibu, ikaanza kukimbia. Namba ya juu ya presha ilipita mia mbili, ikaendelea kupanda bila kugeuka nyuma.

"Mgonjwa wako anaamka!" Cherehani alifoka.

"Haamki." Mkono wa Bi Usingizi ulishageuza kitasa. Mapigo yakipanda, ongeza gesi.

Namba hazikushuka. Akaongeza tena. Moyo ukaanza kuruka mapigo, pigo la haraka, kimya, mapigo mawili yaliyogongana, kimya tena. Paji la uso la Mama Pacha, juu ya plasta iliyomfunga macho, lilikuwa jeupe na limejaa jasho. Matone yalikuwa yanashuka kuelekea masikioni. Bi Usingizi aliyajua matone yale. Alikuwa ameyaona sebuleni kwa kaka yake, karibu na kochi, huku watu wakicheka.

Mtu aliyelala haigizi. Hili alilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile, ndiyo kazi iliyompa chakula. Aliyelala hana beseni la kuliona, hana mume wa kumkomoa, hana wasiwasi wala mawazo ya kupunguza. Kama ni maumivu ya kisu, gesi ile nyingi ingeshayanyamazisha. Kumbe kuna kitu humo tumboni kilichokuwa kinamwaga homoni za mshtuko kwa ndoo, si kwa kijiko, na hakikumwaga mpaka kilipobanwa. Kiganja cha Cherehani kilikibana. Kuinama nako kulikibana. Kila nguo aliyoifua mwanamke huyu ilikuwa inamkaba kwa ndani, na ukoo mzima ulikaa kwenye viti ukapiga makofi.

Na yeye, kwa mkono wake, alikuwa anazidi kumimina gesi ya chupa nyekundu, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemwambia kwamba huufanya moyo uwe mkorofi ukikutana na homoni hizo.

"Toa mkono," alisema.

"Nini?"

"Toa mkono tumboni. Mara moja!"

Cherehani hakuwahi kuamrishwa na stuli ile. Kwa mshangao tu, alitoa. Bi Usingizi alifunga chupa nyekundu, akafungua ile nyingine yenye gesi mpya, akasogeza uso karibu na skrini. Namba zilisita, kisha zikaanza kuteremka.

"Ulikuwa umeshika wapi?"

"Nimeinua ini. Kama kila siku."

"Nyuma yake, juu ya figo. Umegusa nini?"

Cherehani alitazama kiganja chake. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetolewa jino, akasema, "Kuna kitu kigumu. Kama yai. Nilidhani ni ini lenyewe."

"Si ini. Ni uvimbe wa tezi, na kila ukiutomasa unamwaga."

"Basi mpe dawa ya kuzuia mbio za moyo tumalize. Kifuko chenyewe hiki hapa nakiona."

"Moyo unasukuma damu kwenye mishipa iliyojikaza kama kamba. Niufunge moyo mikono kabla sijafungua mishipa? Utakuwa unashona maiti." Hakumtazama hata. Alimgeukia nesi. "Acha hivyo vyuma. Kimbia wodi ya wazazi ulete ile dawa ya wenye kifafa cha mimba. Leta zote walizonazo. Wakikuuliza karatasi, waambie waje wanidai mimi."

Nesi alikimbia, viatu vya mpira vikipiga kelele koridoni. Waliobaki walikaa na ile mashine. Cherehani alisimama na mikono yake juu, kwa mara ya kwanza maishani mwake hana la kushona, na kila moyo uliporuka pigo, naye alikuwa anashtuka. Bi Usingizi alimwona akishtuka. Siku nyingine angefurahi. Sasa alikuwa anaomba kimyakimya, si kwa maneno mazuri, ni "ngoja, ngoja, ngoja" tu, na vidole vyake vilikuwa juu ya shingo ya wifi yake vikihesabu mapigo ambayo mashine ilishindwa kuyahesabu.

Dawa ilifika. Ni dawa ya kawaida kabisa, chumvi tu yenye jina refu, ila hulegeza mishipa na kuzizuia tezi zisimwage ovyo. Aliisukuma polepole. Presha ilishuka, ikasita, ikashuka tena. Mapigo yaliyokuwa yanagongana yakajipanga moja nyuma ya jingine.

"Funga tumbo," alisema Bi Usingizi.

"Na mawe?"

"Mawe yamekaa humo siku zote bila kumuua. Sisi ndio tulikuwa tunamuua. Funga."

Cherehani alifunga. Hakufanya kelele, na mshono ule, kila aliyeuona baadaye alikiri, ndio uliokuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Mheshimiwa alikuwa koridoni, amevaa suti, amekaa mkao wa kupigwa picha. Aliposikia kwamba upasuaji umekatishwa kwa sababu moyo wa mkewe ulikwenda mbio na presha ikapaa, alimtazama dada yake kwa muda, kisha meno yote yakawa nje.

"Hata usingizini?" Alijipiga paja. "Si nilikwambia! Yule hata umpige nusukaputi, anaigiza!"

Koridoni kulikuwa na benchi zima la watu wanaosubiri wagonjwa wao. Bi Usingizi hakupunguza sauti.

"Kaka, aliyelala hawezi kuigiza. Hata wewe huwezi, na huna kazi nyingine unayoijua. Mkeo ana uvimbe tumboni. Akiinama unabanwa, ukibanwa unamwaga sumu kwenye damu yake. Ulikuwa unampelekea beseni, halafu unavua koti kutuigizia anavyokufa."

Mheshimiwa alikohoa, ila kikohozi hakikuleta hotuba. Alitazama benchi, benchi likamtazama. "Sasa mimi ningejuaje?" alisema. "Wewe ndiye daktari. Hata wewe hukujua. Ulicheka."

Tangu agombee udiwani hakuwahi kusema jambo lisilopingika. Hili lilikuwa la kwanza, na Bi Usingizi alilipokea kama kofi, akageuka na kurudi ndani.

Kesho yake mpiga picha aliburuta mashine yake mpaka kando ya kitanda. Safari hii alioneshwa kwa kidole mahali pa kuangalia, na alipooneshwa, akaona. Akasema uvimbe ni mkubwa, akashangaa mtu angeupitaje. Bi Usingizi alimwangalia mpaka akakunja waya zake na kuondoka.

Mama Pacha alisubiri mlango ufungwe.

"Nilianza tena, wifi?"

"Ulianza."

"Mezani?"

"Mezani, ukiwa umelala."

Mwanamke yule alifumba macho kwa aibu. "Nisamehe. Nilikwambia huwa sipangi."

"Usiniombe radhi!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, na aliivuta chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo alikuwa anawakataza manesi. Akamweleza yote, lile yai, vile vitezi, kwa nini kuinama, kwa nini beseni. Akamweleza kwamba atapelekwa hospitali kubwa, atameza vidonge vya kufungua mishipa kwa wiki kadhaa, mwili ukishazoea watautoa uvimbe, na ataweza kuinama atakavyo. "Na ule wasiwasi niliosema," aliongeza, "haukuwepo. Nilikosea."

Mama Pacha alishika ukingo wa shuka. Kisha akauliza taratibu, kama anayeogopa kwamba jibu litabadilishwa, "Kwa hiyo naumwa."

"Unaumwa."

"Kweli kweli."

"Kweli kweli. Ungeweza kufa miaka yote hii."

Hapo Mama Pacha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mshono ukamuuma, akashika tumbo, akaendelea kucheka huku machozi yanaingia kwenye mto. Bi Usingizi alikuwa hajawahi kuona mtu anafurahia ugonjwa hivyo. Alijikuta anakosa pa kuweka uso.

"Mwite kaka yako," alisema Mama Pacha alipopata pumzi. "Mwambie yote hayo nikiwa nasikia."

Mheshimiwa aliingia na mfuko wa machungwa. Alisimama miguuni mwa kitanda na kuelezwa upya, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Mkewe hakumwondolea macho. Maelezo yalipokwisha, aliweka mfuko chini.

"Umesikia, baba watoto?" aliuliza Mama Pacha.

"Nimesikia."

"Vizuri. Sasa niigize."

"Mama Pacha, hebu tuache..."

"Ile ya beseni. Vua koti kwanza, huwa unavua koti. Shika kifua. Nataka kuona, maana siku zote unaigiza nikiwa jikoni naosha vyombo, naisikia tu." Aligeuza kichwa kwenye mto. "Na wewe, wifi, usiondoke. Kaa hapo. Yeye ataigiza, wewe utacheka."

Hakuna aliyesogea. Skrini juu ya kitanda ilionyesha mapigo yaliyotulia, moja baada ya jingine, na presha ya mtu mzima kabisa. Aliyekuwa anatokwa na jasho ni Mheshimiwa. Lilianzia kwenye paji la uso, likashuka mpaka kwenye kola, naye akaleta mkono kulifuta, akaona atakuwa kama anayeanza kuigiza, akaurudisha.

"Haya," alisema Mama Pacha. "Tunakusubiri."